Kazi, mchumba, kuhama: namna ya kutafuta mapenzi ya Mungu kabla ya kuamua

Anza na daftari. Andika swali lako kwa sentensi moja, tena liwe linajibika. "Bwana, nifanye nini na maisha yangu?" halina jibu la wiki hii. "Nikubali kazi ya hoteli Nungwi, yenye zamu kila Jumapili asubuhi, au nibaki dukani Darajani, mjini Zanzibar?" hilo lina jibu. Chini yake andika siku unayotakiwa kujibu, kwani mwajiri hatakungoja mwezi.

Kisha jiulize kama jambo lenyewe limeshasemwa. Mapenzi ya Mungu kwa sehemu kubwa hayakufichwa: 1 Wathesalonike 4:3 inataja utakaso na kuepukana na uasherati, 5:18 inataja kushukuru kwa kila jambo, Mika 6:8 inataja haki, rehema na unyenyekevu. Ukiagizwa kazini uandike stakabadhi ya uongo, huna haja ya kufunga siku tatu. Jibu unalo. Wengi hukesha wakiomba nuru, na kumbe kilichobaki ni kutii tu.

Yasiyoamriwa wala kukatazwa ndiyo ya kuyapa muda: siku 7, nusu saa kila alfajiri. Dakika 10 za kwanza soma, na usome sura nzima. Kufumba macho, kufunua Biblia na kuweka kidole popote ni kupiga ramli, hata kama kitabu ni kitakatifu. Mstari uliochomolewa huweza kuhalalisha chochote. Kanisa Kuu la Anglikana la Mkunazini, hapa Zanzibar, lilianza kujengwa mwaka 1873 pale palipokuwa soko la watumwa, lakini karne hiyohiyo kule Marekani wapo wahubiri waliotetea utumwa kwa Biblia mkononi. Dakika 10 za pili omba hekima, kama Yakobo 1:5 inavyoelekeza. Zilizobaki nyamaza, uandike kinachokujia bila kukipamba.

Katikati ya wiki piga hesabu, maana Luka 14:28 yamsifu anayekaa kitako akahesabu gharama kwanza. Mshahara kiasi gani, nauli ya daladala au chumba kiasi gani, mama kule nyumbani atabakiwa na nini? Na utasali wapi? Kwa anayehamia Pemba swali hili ni zito, kwa kuwa makanisa huko ni machache. Ulizia kabla hujafunga mizigo ya boti ya Mkoani.

Tafuta washauri watatu: padri au mchungaji wako, mtu mzima anayeijua kazi hiyo, na mmoja unayedhani atakupinga. Huyu wa tatu ndiye anayerukwa, naye ndiye mwenye faida kubwa. Waendee kabla hujatoa ahadi, si baada. Anayedai fedha ili akupe "neno la Bwana", mwage.

Jihadhari na alama mbili zinazosifiwa mno: mlango kufunguka, na amani moyoni. Yona aliikuta merikebu tayari na nauli anayo, akashuka ndani akalala fofofo, naye anamkimbia Mungu. Zipime alama hizo kwa Neno na kwa ushauri. Peke yake hazitoshi.

Mambo madogo hayahitaji wiki, yanahitaji upendo. Mwezi wa Ramadhani, kula barazani mchana mbele ya jirani aliyefunga si dhambi ya chakula, lakini 1 Wakorintho 10:32 yatuonya tusiwe kwazo kwa yeyote. Kula ndani.

Siku ya mwisho ikifika, amua. Andika uamuzi, tarehe na sababu zako tatu, kisha upange kuupitia baada ya miezi mitatu. Njia ikizibika, usikimbilie kusema ulikosea: katika Matendo 16 Paulo alizuiwa Asia, akazuiwa tena Bithinia, ndipo akaonyeshwa Makedonia. Karatasi hiyo itunze ndani ya Biblia yako. Utaihitaji siku zamu zitakapokuchosha.