Tairi la baiskeli ya milimani kwa njia za Goma: anza na ubavu

Goma tairi la baiskeli halifi kwa kuisha meno. Hufa kwa kuchanika ubavuni, mara nyingi meno yakiwa bado marefu. Ukienda kununua, mwuzaji atakuonyesha meno kwa sababu ndiyo yanayoonekana. Wewe shika ubavu kwanza.

Sababu iko kwenye jiwe lenyewe. Lava ya Nyiragongo, volkano iliyo juu ya mji, hutoka ikiwa nyepesi, inatiririka kama uji, na ikiganda hubaki na matundu mengi ya gesi. Jiwe likivunjika, kuta za matundu hayo hukatika na kuacha ncha nyembamba zinazokata kama gae la chupa. Barabara nyingi za mitaa zimejazwa mawe hayo hayo, na pikipiki na malori huyavunja upya kila siku. Ndiyo maana njia iliyopitwa miaka mingi bado inakata: kila wiki ina ncha mpya.

Lava ya tarehe 17 Januari 2002 ilipita katikati ya mji hadi ziwani. Ile ya tarehe 22 Mei 2021 iliishia pembezoni, upande wa Buhene, baada ya kuikata barabara ya Rutshuru. Ukiendesha upande wa Munigi, Kibati au Buhene, utapita juu ya mawe mabichi ya aina hiyo. Mitaa ya Himbi na Katindo ni mchanganyiko wa lami, mawe yaliyopangwa na vumbi. Ukitoka kwenda magharibi, baada ya Sake, kilomita zipatazo 25 kutoka Goma, unaanza kupanda vilima vya Masisi, na huko ardhi inageuka udongo wa mfinyanzi. Huko, na hata Rusayo, uliza kwanza hali ya njia ya siku hiyo. Tairi zuri halitatui hilo.

Ubavu na nyuzi zake

Tairi ni kitambaa cha nyuzi kilichofunikwa kwa mpira. Ubavuni baadhi ya matairi huandikwa idadi ya nyuzi kwa inchi, yaani TPI. Wengi hudhani namba kubwa ndiyo bora. Kwa Goma ni kinyume: 120 TPI maana yake nyuzi nyembamba, mpira mdogo, tairi jepesi na laini linalopendeza kwenye njia ya udongo mgumu. 60 TPI ina nyuzi nene na mpira mwingi katikati yake. Kwenye lava chukua 60, au 120 iliyoongezewa tabaka la pili la kitambaa ubavuni. Namba iliyo chini ya 30 ni ya tairi rahisi la mjini: zito kwa mpira, lakini kitambaa chake hakina nguvu.

Kama hakuna maandishi, bana ubavu kati ya kidole gumba na cha shahada. Ukikunjika kama kola ya shati, uache. Ukikataa kidogo, kisha ukarudi wenyewe bila kuacha alama, huo ndio. Matairi yenye ubavu wa rangi ya kahawia au krimu ni mazuri kwa macho, lakini mengi yana mpira mwembamba sana upande huo; kwa hapa chagua ubavu mweusi.

Uzito nao unasema kitu. Tairi la inchi 29 upana 2.4 lenye ubavu imara huwa kati ya gramu 900 na 1,100. Likiwa na gramu 650 ni la mashindano ya njia laini, na safari moja ya Kibati inaweza kulimaliza. Mizani ya sokoni inatosha kupimia.

Kisha likunje kidogo na uangalie mizizi ya meno. Tairi lililoning'inia juani mbele ya kibanda miezi mingi hupata nyufa ndogo hapo hata kama halijawahi kugusa barabara. Zungusha pia ukingo wenye waya: ukiwa na kona au umepinda kwa sababu lilisafirishwa limekunjwa, halitakaa sawasawa kwenye rimu.

Namba zinazolingana na zisizolingana

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. "Inchi 26" si kipimo kimoja. Tairi la baiskeli ya milimani la 26 x 2.10 lina namba nyingine ndogo ubavuni: 54-559. Ya pili, 559, ni kipenyo kwa milimita mahali tairi linapokaa kwenye rimu, na ndiyo ya kuamini. Tairi la 26 x 1 3/8 la baiskeli za zamani ni 590. Halitakaa kwenye rimu ya 559 hata ulipigie magoti. Lile la baiskeli nyeusi ya mizigo, 28 x 1 1/2, ni 635. Inchi 27.5 ni 584. Inchi 29 ni 622, sawasawa na rimu ya 700C, kwa hiyo tairi la 29 linaingia kwenye baiskeli ya 700C kama fremu ina nafasi.

Nafasi ndiyo swali linalofuata. Pima upana kati ya miguu ya uma wa mbele na kati ya mabomba ya nyuma, kisha toa upana wa tairi. Kila upande ubakize angalau milimita 6. Kijiwe cha lava kikinasa kati ya tairi na fremu kinakwangua rangi, kisha chuma, na kinaweza kulisimamisha gurudumu ghafla. Ukitumia breki za rimu, hakikisha tairi linapita kati ya mikono ya breki likiwa na upepo.

Upana unaofaa Goma ni 2.25 hadi 2.4. Chini ya 2.1 utalazimika kutia upepo mwingi ili rimu isigonge, na tairi gumu haliwezi kujikunja juu ya ncha ya jiwe. Linapokea pigo lote mahali pamoja na kukatwa. Lakini rimu nyembamba yenye upana wa ndani wa milimita 19 isivalishwe zaidi ya 2.3. Tairi pana juu ya rimu nyembamba huvimba kama balbu, na ubavu hutokeza nje ya meno, yaani pale pale mawe yanapoparuza.

Meno

Kwa mawe ya Goma tafuta meno ya kati yenye urefu wa milimita 3 hadi 4, yaliyokaribiana na yenye kitako kipana. Meno marefu membamba hupinda juu ya jiwe na hung'oka kutoka kwenye mzizi. Pembeni ndiko unapohitaji meno makubwa yaliyosimama: yanashika kwenye kona na, muhimu zaidi, yanaufunika ubavu kidogo. Mpira laini sana unashika vizuri dukani ukiubonyeza kwa ukucha, lakini lava huumega vipande.

Usinunue tairi la matope kwa sababu tu ni msimu wa mvua. Ardhi ya Goma ina matundu. Maji huzama upesi, na mji hauna hata mto mmoja unaoupita. Baada ya saa moja ya mvua unachokuta ni mawe yaliyooshwa, si tope. Jiwe la lava lenye uso wake wa asili wa kukwaruza hushika hata likilowa. Linaloteleza ni lile lililosuguliwa na pikipiki hadi likang'aa. Hilo hakuna tairi linalolishinda, punguza mwendo kabla ya kulifikia.

Kwa anayepanda Masisi mara kwa mara hesabu ni nyingine. Mfinyanzi hujaa kati ya meno, na baada ya mita 50 tairi lako ni donge. Huko unataka meno yaliyoachana sana, marefu milimita 5 au zaidi, na tairi jembamba kidogo, 2.1 hadi 2.2, lipate kuchimba na kuacha nafasi ya tope kupita kwenye fremu. Bukavu nayo, pamoja na milima yake ya udongo mwekundu, inafanana zaidi na Masisi kuliko na Goma. Tairi lililosifiwa na rafiki wa Bukavu si ushahidi kwako wa Himbi.

Mbele na nyuma si lazima yafanane. Mbele weka lenye meno makubwa na upana zaidi, maana likiteleza la mbele umeanguka. Nyuma weka lenye ubavu mzito kuliko yote uliyopata, kwa sababu ndilo linalobeba uzito mkubwa na ndilo linalogonga mawe bila wewe kuyaona. La nyuma likiwa kipara katikati, hamishia la mbele nyuma na ununue jipya la mbele. Usifanye kinyume.

Upepo

Wengi hapa hutia upepo hadi tairi liwe jiwe, wakidhani wanajikinga na pancha. Upepo mwingi unazuia rimu isigonge, ni kweli, lakini unaleta kukatwa juu ya meno na kuruka ruka. Upepo kidogo mno unafanya ubavu ufutuke nje na kuparuzwa, na tyubu kubanwa kati ya jiwe na rimu. Ukiona tyubu ina matundu mawili madogo yaliyo sambamba, kama meno ya nyoka, tatizo ni upepo mdogo na si mwiba.

Kwa mwendeshaji wa kilo 70 mwenye tyubu, anza hapa (psi ni kipimo cha mgandamizo wa upepo):

- 26 x 2.1: mbele 34 psi, nyuma 38
- 27.5 au 29 x 2.25: mbele 30, nyuma 34
- 29 x 2.4: mbele 26, nyuma 30

Kila kilo 10 zaidi, pamoja na mzigo wa mgongoni, ongeza psi 2 kila upande. Kwenye lami unaweza kuongeza 5 na kuzipunguza ukifika kwenye mawe. Kompresa nyingi za kwado, yaani fundi wa pancha wa barabarani, husoma bar: bar 1 ni psi 14.5, hivyo 30 psi ni kama bar 2.1. Geji ya kwado imetengenezwa kwa ajili ya magari na pikipiki, na tofauti ya bar nusu, isiyo kitu kwa lori, kwako ni kubwa. Nunua kigeji chako kidogo.

Hapo pia kuna sababu ya kupenda valvu nene, ile ya pikipiki, kuliko nyembamba ya Presta: kwado yeyote anaweza kuitia upepo. Tundu la rimu la milimita 8 linaipokea. La milimita 6 ni la Presta tu, na kulipanua kwenye rimu nyembamba kunaidhoofisha.

Kuendesha bila tyubu, kwa dawa ya maji inayoziba ndani, kunafaa sana kwenye vijiti na vitundu vidogo, na kunakuruhusu kushusha upepo kwa psi 4 hadi 6. Weka mililita 60 hadi 90 kwa tairi la 26, na 100 hadi 120 kwa la 29. Fungua uangalie kila baada ya miezi miwili au mitatu, kwa sababu hukauka. Lakini dawa haizibi mchano wa ubavu. Anayetegemea hiyo abebe tyubu hata hivyo.

Kulivalisha na kulishona

Tafuta mshale wa mwelekeo ubavuni kabla ya kuanza. Pitisha kidole ndani ya rimu: utepe unaofunika vichwa vya spoki usiwe umesogea. Tia tyubu upepo kidogo iwe na umbo, iingize, kisha malizia ukingo wa tairi kwa vidole ukianzia upande ulio mkabala na valvu na kumalizia kwenye valvu yenyewe. Vijiko vya chuma hutoboa tyubu hapa mwishoni. Paka maji ya sabuni, tia psi 40, zungusha gurudumu na uangalie mstari mwembamba ulio juu ya rimu: uwe na umbali uleule pande zote. Pasipo sawa, toa upepo, sukuma kwa mikono, rudia. Kisha shusha hadi kiwango chako.

Tairi likichanika njiani, kiraka cha tyubu peke yake hakitoshi. Tyubu itachungulia kwenye mchano na kupasuka. Weka ndani kipande cha kitu kisichovutika, sentimita 4 kwa 6: kipande cha tairi kuukuu lililonyolewa meno, au ganda la dawa ya meno lililokatwa na kukunjwa pembe. Tia upepo pungufu kwa psi 5 urudi nyumbani. Baadaye fundi viatu anaweza kuushona kwa uzi mnene wa nailoni, mishono ikiachana milimita 3 au 4 na ikianzia mbali kidogo na ukingo wa mchano, kisha unabandika kiraka kikubwa kwa ndani. Mchano unaozidi sentimita 2, au uliofika kwenye waya, haushonwi. Na tairi lililoshonwa hukaa nyuma tu.

Lisilofaa tena kwa baiskeli usilitupe: mwenye chukudu, lile gari la mbao la kusukuma mizigo, anaweza kulihitaji, na vipande vyake ndivyo viraka vyako vya mwakani.