Namna ya Kujiandaa Kumwona Tabibu wa Tiba ya Kichina: Mwongozo kwa Wakazi wa Mwanza

Shangazi yangu huuza dagaa katika soko la Mwaloni, Kirumba. Goti lake la kulia lilipoanza kumsumbua hata akawa anashuka ngazi kwa kutanguliza mguu mmoja, jirani yake alimwelekeza kwa tabibu wa tiba ya Kichina, akaenda, akarudi amekasirika. "Nimempelekea goti, mwanangu," aliniambia, "yeye ananiuliza napata choo cha namna gani, na usiku nashtuka saa ngapi." Alikuwa ameketi mbele ya tabibu huyo karibu saa nzima, na goti lenyewe lilishikwa mwishoni, kwa dakika chache.

Ninaandika mwongozo huu kwa ajili ya watu walio katika hali kama yake, kwa sababu maswali yale yaliyomkera ndiyo kiini cha tiba hiyo. Mgonjwa anayeingia bila kujiandaa humpa tabibu majibu ya kubahatisha, na tabibu anayepewa majibu ya kubahatisha hutoa dawa ya kubahatisha.

Kwa nini goti linaulizwa habari za choo

Katika tiba ya Kichina ya kale hakuna kiungo kinachougua peke yake. Kitabu chake cha msingi, Huangdi Neijing, ambacho kilikusanywa zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, kinaueleza mwili kama mahali ambapo nguvu ya uhai iitwayo qi inazunguka katika njia zake. Afya ni mizani kati ya pande mbili: yin, upande wa ubaridi, utulivu na unyevu, na yang, upande wa joto na mwendo. Viungo vikuu vitano hupewa kila kimoja eneo kubwa kuliko lile tunalolijua hospitalini. Ini linahusishwa na kano, macho na hasira. Moyo na usingizi na ulimi. Bandama na usagaji wa chakula pamoja na wasiwasi wa mawazo. Mapafu na ngozi na huzuni. Figo na mifupa, kiuno, masikio na hofu.

Lirudie sasa goti la shangazi. Goti ni mifupa, kwa hiyo tabibu anawaza figo; goti ni kano, kwa hiyo anawaza ini; na kama limevimba na kuwa zito, anawaza unyevu uliotuama, na unyevu huo kwa mujibu wa nadharia hii huanzia kwenye bandama inayoshindwa kusaga chakula vizuri. Choo ndicho kinachomwonyesha hali ya bandama.

Hapa pana jambo ambalo limewatisha watu wengi bila sababu. Tabibu akikuambia kwamba "figo zako ni dhaifu", hakuambii kwamba una ugonjwa wa figo unaopimwa kwa damu na mkojo maabara. Anatumia jina la kiungo kutaja mkusanyiko wa dalili, na maneno hayo mawili yasichanganywe. Vivyo hivyo, akikuambia kwamba figo zako ziko sawa, hajakupima ugonjwa wa figo, na kauli yake haiwezi kuchukua nafasi ya kipimo.

Waganga wa tiba hii wana kanuni isemayo kwamba ugonjwa mmoja unaweza kutibiwa kwa njia tofauti, na magonjwa tofauti yanaweza kutibiwa kwa njia moja. Watu wawili wakileta magoti yanayouma, mmoja lake likiwa zito na la baridi, likizidi msimu wa masika na kupata nafuu kwa kitambaa cha moto, na mwingine lake likiwa jekundu na la moto, naye akiamka usiku kwa kiu, hawatapewa dawa moja. Kwa sababu hiyo, kuazima dawa iliyomsaidia jirani ni kwenda kinyume na tiba yenyewe.

Kanuni nyingine husema kwamba tiba ifuate mtu, wakati na mahali. Sura moja ya Huangdi Neijing inapita katika pande za dunia na kueleza kwa nini kila upande una tiba yake. Kuhusu watu wa mashariki, wanaoishi kando ya bahari, inasema kwamba wanakula samaki na kupenda chumvi, kwamba samaki huleta joto ndani ya mwili, na kwamba maradhi yao ni majipu. Sisi tunaokula dagaa, sangara na sato karibu kila siku tuna haki ya kumwambia tabibu jambo hilo kabla hajauliza, hasa ikiwa chakula anachokizoea yeye ni tofauti na chetu.

Daftari la wiki mbili

Nunua daftari dogo la mazoezi, na kwa siku 14 kabla ya kwenda, andika kila jioni mistari michache. Usiandike majina ya magonjwa. Andika ulichokiona na kukihisi: ulilala saa ngapi na uliamka saa ngapi, ulienda choo mara ngapi na kilikuwa kigumu au laini, ulitamani maji ya baridi au ya moto, ulitoka jasho mchana au usiku, mikono na miguu ilikuwa ya baridi au ya moto, hamu ya kula ilikuwaje, na hasira, huzuni au wasiwasi vilikuja wakati gani. Mwanamke aandike pia siku za hedhi, rangi ya damu na maumivu yake.

Kisha andika maumivu pamoja na kazi uliyoifanya siku hiyo. Sehemu hii wengi huiruka, nami naiona kuwa ya thamani kuliko zote. Shangazi aliporudi nyumbani nilimshawishi aandike, naye kwa kuwa maandishi humchosha alikuwa akinitamkia kwa simu nami naandika. Siku ya tisa tuliona kwamba goti lilikuwa likiuma zaidi siku alizopokea mzigo alfajiri, akisimama ufukweni huku miguu imelowa kwa saa mbili au tatu kabla jua halijapanda. Hakuwa ameliona jambo hilo kwa miezi yote ile, kwa sababu maumivu yenyewe yalikuwa yakija usiku, wakati ambapo alfajiri imekwisha kusahaulika.

Ulimi utazame kila asubuhi, kabla ya kula na kabla ya kupiga mswaki, mlangoni au dirishani kwenye mwanga wa jua, si chini ya taa. Angalia mambo matatu: rangi ya nyama ya ulimi, utando ulio juu yake, na kingo zake. Ulimi uliopauka na wenye alama za meno kandokando husomwa na tabibu kama dalili ya upungufu wa nguvu na wingi wa unyevu. Ulimi mwekundu usio na utando husomwa kama dalili ya joto lililokausha maji ya mwili. Utando wa njano na mzito kama joto pamoja na unyevu. Usijitangazie ugonjwa kwa kuutazama, andika tu. Siku ya kwenda kwa tabibu usikwangue ulimi, na usile zambarau wala kunywa kahawa, kwa maana rangi zake zitamdanganya.

Vitu vya kubeba

Beba cheti chako cha hospitali, majibu ya vipimo, na dawa zote unazotumia zikiwa katika pakiti zake, pamoja na za mitishamba ulizopewa na mganga wa kijijini. Watu huficha dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, za presha na za kisukari kwa aibu au kwa kudhani kwamba hazihusiani na mambo ya Kichina. Zinahusiana sana. Mzizi mtamu uitwao gancao, ambao hutiwa katika michanganyiko mingi mno, ukitumiwa kwa wingi au kwa muda mrefu unaweza kupandisha presha na kushusha madini ya potasiamu mwilini. Mzizi mwingine, danshen, ukichanganywa na warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, huongeza hatari ya kuvuja damu. Tabibu anayesema anautazama mwili mzima lakini hataki kuona dawa zako za hospitali hautazami mwili mzima, na ningekushauri uondoke.

Kabla ya kuketi, omba kuona usajili wake. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 iliunda Baraza linalowasajili watoa huduma hizi nchini, na kuuliza jambo hilo kwa heshima si utovu wa adabu.

Ndani ya chumba

Uchunguzi una sehemu nne: kutazama, kusikiliza pamoja na kunusa, kuuliza, na kugusa. Atakutazama tangu unapoingia, kwa hiyo tembea kama unavyotembea nyumbani na usijikaze. Kisha ataweka vidole vitatu juu ya mshipa wa kifundo cha mkono, kwanza mkono mmoja halafu mwingine, akikandamiza kidogo, kisha zaidi. Kila kidole kinasoma eneo lake: kushoto moyo, ini na figo; kulia mapafu, bandama na tena figo. Kama umepanda mlima Bugando kwa miguu au umekimbilia daladala, omba upumzike robo saa kwanza, kwa maana mshipa utaeleza habari za mlima badala ya habari zako.

Mkalimani akiwepo, sema sentensi fupi na subiri. Neno kama "ganzi" na neno kama "kichomi" yakitafsiriwa vibaya hubadilisha kila kitu. Onyesha kwa kidole mahali hasa, na eleza kama maumivu yanahama au yametulia pamoja.

Kabla ya kukubali tiba, muulize tabibu anaiitaje hali yako, ni dalili gani zimemfikisha hapo, anatarajia kitu gani kibadilike kwanza, na baada ya siku ngapi. Akikuandikia majani na mizizi, omba orodha yenye majina kamili. Katika miaka ya 1990 nchini Ubelgiji, wanawake wengi waliokuwa wakitumia dawa za kupunguza unene waliharibikiwa figo kabisa kwa sababu mzizi mmoja wa Kichina ulibadilishwa na mwingine wenye jina linalofanana, wa jamii ya Aristolochia, ambao ni sumu kwa figo. Kwa kuona jina tu wewe huwezi kugundua kosa la namna hiyo, ila daktari wa hospitali akihitaji kujua ulikunywa nini, karatasi hiyo itamsaidia.

Vidonge vya kupitishwa mkononi, vilivyoandikwa kwa herufi za Kichina peke yake, visinunuliwe. Niliwahi kuvinunua kwa ajili ya mgongo, nikapata nafuu siku ya pili, na baada ya wiki tatu uso ukaanza kuvimba. Dawa za namna hiyo katika nchi mbalimbali zimekutwa zimetiwa kwa siri steroidi, yaani dawa kali za hospitali za kutuliza uvimbe, na nafuu ya haraka isiyo na maelezo ingepaswa kunishtua mapema.

Nyumbani

Dawa ya kuchemsha ichemshwe katika chungu cha udongo, au sufuria isiyochujuka, si ya chuma wala ya shaba. Kwa kawaida huloekwa katika maji ya baridi kama nusu saa, huchemka, kisha moto hupunguzwa kwa dakika 20 hadi 30, huchujwa, na kuchemshwa mara ya pili. Maji ya mikupuo yote miwili huchanganywa. Yako majani yenye harufu ambayo hutiwa mwishoni, na iko mizizi yenye sumu, kama fuzi, ambayo ni lazima itangulie na kuchemka muda mrefu. Usikisie; mwombe tabibu akuandikie muda kwenye kila pakiti.

Fuata pia maagizo ya chakula na mavazi, kwa maana hayo ni sehemu ya dawa. Mfano ninaoupenda ni wa Zhang Zhongjing, tabibu wa karne ya 2 na ya 3. Kwa mafua ya baridi aliagiza mchemsho wa vijiti vya mdalasini, tangawizi, tende za Kichina na mizizi mingine miwili, kisha akaagiza kwamba mgonjwa anywe uji mwepesi wa moto, ajifunike, atoke jasho jepesi, lakini lisitiririke kama maji. Bibi zetu wa kanda hii hawangeshangaa.

Wakati wa kutokwenda huko kwanza

Homa katika ukanda huu wa ziwa ipimwe malaria siku hiyo hiyo. Ni kweli kwamba Tu Youyou, mtafiti wa dawa wa China aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2015, aliongozwa na andiko la karne ya 4 la tabibu Ge Hong lililoagiza kwamba qinghao, mmea wa jamii ya pakanga, uloekwe majini na kukamuliwa, naye akatambua kwamba moto mkali ulikuwa ukiiharibu dawa. Kutokana na kazi hiyo tuna dawa mseto. Lakini chai ya pakanga haina kipimo kinachoaminika, na Shirika la Afya Duniani haliikubali kuwa tiba ya malaria. Mkojo wenye damu kwa mtu anayeogelea au kuvua ziwani upimwe kichocho. Maumivu ya kifua, kupooza ghafla, degedege, na damu kwa mjamzito ni mambo ya hospitali bila kupitia kwingine.

Baada ya ziara ya kwanza endelea na daftari, na ulirudishe ziara ya pili likiwa na tarehe uliyoanza dawa imepigiwa mstari. Shangazi alirudi na lake, akakaa, akalifungua ukurasa wa siku ya tisa, na tabibu alipomaliza kusikiliza tafsiri, jambo la kwanza alilomwagiza lilikuwa viatu vya mpira virefu vya kuvaa alfajiri.