Kuhariri PDF bure ndani ya kivinjari

Fungua faili kwenye kivinjari, kisha jaribu kuchagua neno moja kwa kipanya. Likichagulika, kwa kawaida hayo ni maandishi halisi. Lisipochagulika, ulichonacho ni picha ya karatasi iliyoskaniwa: utaweza kuandika juu yake tu, si kubadilisha herufi zilizomo.

Mara nyingi mtu anataka kuongeza kitu tu: jina, tarehe, sahihi. Kwa hilo Firefox inatosha, na imekuwa na uwezo wa kuongeza maandishi na michoro tangu toleo la 106 la mwaka 2022, na picha tangu toleo la 119 la mwaka 2023. Bonyeza Ctrl+O uchague faili. Juu upande wa kulia kuna alama za maandishi, kalamu na picha. Bofya ya maandishi, bofya unapotaka kuandika, andika. Rangi na ukubwa vimo kwenye kidirisha kinachojitokeza chini ya alama hiyo. Maandishi yakikaa vibaya, bofya pembeni kwanza, ndipo uyashike na kuyaburuta. Sahihi iweke kama picha: saini kwa wino mweusi kwenye karatasi nyeupe, piga picha penye mwanga wa kutosha, ukate kingo karibu kabisa na wino, la sivyo weupe wa karatasi utafunika mstari wa fomu. Hifadhi kwa Ctrl+S.

Kazi hiyo yote hufanyika ndani ya kompyuta yako. Faili haipakiwi popote. Nakala za kitambulisho na taarifa za benki zihariri kwa njia hii.

Kubadilisha maneno yaliyokwishaandikwa, Firefox haiwezi. Nenda sejda.com, fungua kihariri cha PDF, pakia faili, bofya sentensi unayotaka kurekebisha, andika, kisha bonyeza Apply changes na kupakua. Bila malipo unaruhusiwa kazi 3 kwa saa, faili isiyozidi kurasa 200 au MB 50. Faili hufutwa kwenye seva yao baada ya saa 2.

Hapa ndipo wengi hukwama: herufi mpya zinatoka na sura tofauti. PDF nyingi hubeba zile herufi za fonti zilizotumika tu. Kama ankara haikuwa na tarakimu 7 popote, ukibadilisha 1,500 kuwa 1,700 hiyo 7 itaazimwa kwenye fonti nyingine na itaonekana. Chagua fonti inayofanana, kisha uandike upya kiasi chote, si tarakimu moja. Tena PDF hukumbuka mahali pa kila herufi, haijui aya. Neno refu linaweza kupanda juu ya safu ya jirani. Mabadiliko yakiwa mengi, pakia faili Google Drive na uifungue kwa Google Docs. Majedwali yatavurugika, lakini aya zitaandikika.

Kuficha namba ya akaunti kwa kisanduku cheupe hakuifuti. Yeyote anaweza kuchagua eneo hilo, kunakili, na kuibandika kwingine. Baada ya kufunika, geuza kurasa kuwa picha za JPG kisha uzirudishe kuwa PDF; tovuti ya iLovePDF ina zana zote mbili.

Hati yenye sahihi ya kidijitali (si picha ya saini, bali uthibitisho wa kompyuta uliofungwa ndani ya faili) usiihariri. Ukibadilisha maandishi yake, programu ya kukagua itaonyesha kuwa imeguswa baada ya kusainiwa. Mwombe aliyeitoa airekebishe na kuisaini upya.