Kioo cha mbele kikipasuka, usiseme "wekeni chochote"

Ndugu zangu mnaopita barabara ya Mtwara–Lindi nyuma ya malori ya makaa ya mawe, kokoto moja tu inatosha kupasua kioo. Kwanza kabisa: bima ndogo, ile inayolipa hasara za wengine tu, hailipi kioo chako. Ukiwa na bima kubwa, soma kikomo cha fedha za kioo kabla hujakubali fundi yeyote, maana kinachozidi utakilipa mwenyewe. Piga picha ya ufa, toa taarifa kwa kampuni ya bima, subiri kibali chao. Ukibadilisha kwanza, unaweza kunyimwa malipo.

Sasa kioo chenyewe. Hapa msiharakishe. Cha mbele lazima kiwe cha tabaka mbili zenye utando wa plastiki katikati, ili kikivunjika kibaki kimeshikana. Angalia maandishi ya pembeni, yalinganishe na ya kioo cha zamani. Kama gari lako lina kamera au kihisi cha mvua nyuma ya kioo cha kuangalia nyuma, mwambie mkadiriaji, yule anayepima hasara kwa niaba ya bima, mapema. Kamera ikishafungwa upya hupimwa tena. Kioo cha mtumba kilichokatwa gari lingine mimi nakikataa. Na gundi inayoshika kioo ikauke kwa saa zilizoandikwa kwenye kopo, hata kama unawahi Masasi.