Usiache dawa ya fangasi mapema
Kwa wenzetu wa Bagamoyo ambao kazi ya samaki huwaweka majini au ndani ya mabuti ya mpira tangu alfajiri, fangasi wa miguu hawaondoki kwa dawa pekee, bali pia kwa kukausha vizuri katikati ya vidole, hasa kidole cha mwisho na jirani yake, ambako ngozi hugeuka nyeupe na kuchubuka. Endelea kupaka krimu ya klotrimazoli kwa wiki 2 baada ya ngozi kupona, kwa kuwa muwasho hutoweka kabla ya fangasi kwisha. Tafadhali usipake krimu ya steroidi, kama vile betamethasoni, kwani hutuliza wekundu huku fangasi wakienea. Ukiwa na ukucha uliokuwa mnene na wa manjano, mwone daktari, na subira inahitajika, maana ukucha wa kidole gumba cha mguu huchukua miezi 12 hadi 18 kuota upya.