Kabla hujaipiga nyundo nyumba ya wazee Ng'ambo

Wengi wetu tukisikia urithi tunaelekeza macho Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000. Mimi nakaa Kikwajuni, mtaa wa Ng'ambo, upande wa pili wa mji huo huo, na nakuomba uanze na nyumba yako.

Anzia barazani. Kaa na wazee baada ya alasiri, uwaulize nani alijenga, nani alizaliwa humo, harusi zilifanyikia wapi. Andika majina siku hiyo hiyo. Kwa nyumba zetu za Ng'ambo, mimi naona thamani iko hapo zaidi kuliko kwenye nakshi za mlango.

Piga picha za mlango, madirisha, ukumbi, uani na paa kwa ndani. Ramani ya kuchora kwa mkono inatosha.

Sasa ukuta, na hapa usiwe na haraka. Tazama pale lipu ilipobanduka. Kwangu ni miti, fito na udongo, juu yake chokaa. Ukuta kama huu hunyonya unyevu na kuutoa. Ukiufunika kwa saruji, maji yananasa ndani, udongo unalainika, miti inaoza. Mwambie fundi arudishie chokaa na mchanga. Akishikilia saruji kwa kuwa inakauka upesi, tafuta mwengine. Lakini kabla ya lipu, badilisha mabati yanayovuja, la sivyo kazi yote itaharibika masika.

Na baraza, tafadhali, usiibomoe upate fremu ya duka. Jirani zako wanakaa hapo kila jioni, waulize kwanza.