Presha haisikiki, inapimwa: ya kwako huko uliko na ya mama kule Amu

Mama alinitumia picha ya mashine ya presha, kwao Amu, yaani Lamu, ni saa nne asubuhi, mimi huku Leicester saa moja na baridi lake niko stendi nangoja basi la kazini. 178 juu, 104 chini. Miguu ikaniisha nguvu. Nikapiga, simu ikashikwa na mtoto wa dadangu, namuuliza bibi yuko wapi ananiambia yuko barazani anabishana na muuza samaki. Nikamwambia washa video. Basi nikaona mwenyewe: mama kakaa ukingoni mwa baraza miguu yaning'inia, mkono kauachia chini kama kabeba ndoo, mkanda wa mashine umefungwa juu ya buibui, na mdomo haujafunga hata sekunde, "mia tano kwa hako kachangu, wewe wataka kunimaliza?"

Nikamwambia mama, muachie samaki wake kwanza. Nenda choo, rudi ukae kwa kiti chenye mgongo, egemea, miguu yote miwili chini usiikunje, toa mkono kwa buibui, uweke juu ya meza na mto chini yake uwe sawa na moyo, halafu unyamaze dakika tano. Kunyamaza ndo kulikuwa na kazi. Tukapima mara mbili, dakika moja katikati, ikasoma 151/92 halafu 149/91. Bado iko juu, si ya kufurahia, lakini si ile ya kunifanya nitafute tiketi ya ndege nimekopa.

Naanza na hiyo manake sisi watu wa Pwani presha twaijua kwa hisia. Kichwa kikigonga ni presha, mtu akikujibu vibaya "amenipandisha presha", kichwa kikipoa basi presha imeisha na dawa inawekwa kando. Na kumbe mara nyingi presha haina dalili yoyote, waweza kutembea nayo miaka kumi unacheka na watu, huku inachakaza mishipa, figo, moyo na macho kimyakimya, siku ya kwanza ya kuisikia ndo siku ya kiharusi. Kwa hivyo kitu cha kwanza kabla ya kitunguu thomu, kabla ya habbat soda, kabla ya ushauri wa shangazi: pima.

Mimi yangu niliijua kwa bahati tu. Nilikuwa na miaka 43, nimeingia famasi kununua dawa ya mafua, yule dada wa kaunta akaniuliza ushawahi kupimwa presha? Huku England famasi nyingi wanapima bure ukiwa na miaka 40 kwenda juu, na wengi wetu hatujui hata. 162/101. Nikajitetea, nimekunywa kahawa, nimekimbia, baridi. Akaniambia sawa, muone daktari wako. Daktari akanivalisha mashine ya saa 24, ile inayojifura yenyewe kila nusu saa hivi, hata usiku ukiwa umelala inakukaba mkono. Wastani wake ukatoka juu vilevile. Kahawa haikuwa na hatia.

Sasa hizo namba. Ya juu ni pale moyo unaposukuma damu, ya chini ni pale unapopumzika kati ya pigo na pigo. Uingereza wanasema una presha ukipimwa hospitali ikawa 140/90 au zaidi na ukijipima nyumbani wastani ukawa 135/85 au zaidi. Marekani tangu 2017 wanaanzia 130/80. Ndo maana binamu yangu wa Minneapolis kaambiwa ana presha na namba ambayo mimi huku ningeambiwa jiangalie tu, tukabishana kwa WhatsApp wiki nzima daktari wa nani mwongo. Hakuna mwongo, mistari imechorwa pahali tofauti. Kipimo kimoja pia hakitoshi, jipime siku saba, asubuhi kabla ya dawa na jioni, kila mara mbilimbili, siku ya kwanza itupe, zilizobaki tafuta wastani ndo umpelekee daktari. Na kabla ya kupima nusu saa nzima usinywe kahawa wala kuvuta sigara.

Mashine nunua ya mkono wa juu, sio ya kifundo cha mkono, hizo za kifundo zakosea sana. Angalia na saizi ya mkanda, mkono mnene kwa mkanda mdogo utakupa presha ya uongo. Chama cha madaktari wa presha cha Uingereza na Ireland kina orodha ya mashine zilizohakikiwa, angalia kabla ya kununua, si lazima iwe ghali. Ukinunua ya kupeleka nyumbani chukua ya kutumia betri, Amu stima waijua mwenyewe.

Chumvi. Hapa nitakaa kidogo manake hapa ndo tunapopotea. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asipitishe gramu 5 kwa siku, yaani chini kidogo ya kijiko kimoja cha chai, na hicho ni pamoja na ile ambayo hukuitia wewe. Huku ughaibuni chumvi nyingi hatuitii kwa mkono, imo kwa mkate, soseji, chizi, kuku wa kukaanga wa usiku ukitoka shifti, na vile vidonge vya supu vya kutia mchuzini, ambavyo wakinamama wengi wanatia viwili halafu chumvi juu yake! Soma pakiti. Uingereza angalia chumvi kwa kila gramu 100, ikizidi 1.5 hiyo ni nyingi, 0.3 kushuka ni kidogo. Marekani hawaandiki chumvi wanaandika sodiamu, na miligramu 2000 za sodiamu ndo zile gramu 5 za chumvi. Mimi siku ya kwanza kufanya hesabu ya supu ya pakiti na mkate vipande vinne nilifunga kabati nikakaa chini.

Na ukienda nyumbani usidhani umetoka salama. Ng'onda, papa mkavu, achari, embe mbichi kwa chumvi na pilipili pale Mkunguni, viazi karai vya jioni. Sisemi usile, nani ataenda Amu asile? Papa mroweke usiku kucha, mwaga maji, roweka tena, halafu mchuzi wake usiutie chumvi kabisa. Samaki wa kupaka mimi natia thomu, tangawizi, pilipili na ndimu na ukwaju wa kutosha, uchachu unaziba pengo la chumvi, mwezi wa kwanza utalia, wa pili ulimi unazoea, mpaka ukila kwa watu unaona wamemwaga bahari. Na kutembea: Amu hakuna magari ya kukubebabeba, mtu anakwenda Shela kwa miguu na kurudi bila kuita hiyo mazoezi. Huku twakaa kwa basi, twakaa kazini, twakaa kwa sofa. Nusu saa ya kutembea haraka karibu kila siku inashusha namba kweli, na kupunguza kilo pia, hata tano tu.

Miraa nayo inapandisha presha na mapigo ya moyo. Najua likizo ya Amu na barazani na kahawa chungu inavyokwenda. Nimeshasema, tuendelee.

Dawa. Kwa watu wenye asili ya Afrika, Uingereza huwa wanaanza na amlodipini au ndugu zake, manake zile za jamii ya enalaprili zikitumika peke yake mara nyingi hazitufanyii kazi vizuri. Wengi wataishia na dawa mbili na hiyo sio alama kwamba umeshindwa. Amlodipini yaweza kukuvimbisha miguu, enalaprili yaweza kukupa kikohozi kikavu kisichoisha, na ikikuvimbisha midomo au ulimi hiyo ni ya kukimbilia hospitali sasa hivi. Dawa za kukojoza asubuhi zikumeze ukiwa karibu na choo, samahani, uzimeze. Ukiona dawa haikupendi rudi ubadilishiwe, usiiache kimyakimya. Dada zangu mnaotafuta mtoto, mwambieni daktari mapema, enalaprili na losatani, dawa nyingine ya presha, haziendi na mimba.

Na kuna vitu vinapigana na dawa yako chinichini. Ibuprofeni na diklofenaki, ile sindano ya mgongo watu wanayoiamini kama nini, zinapandisha presha na kuchosha figo. Dawa nyingi za kuzibua pua wakati wa mafua pia, na ndo ile niliyokuwa nainunua siku ile famasi. Vidonge vya maumivu vya kuyeyusha kwa maji vimejaa sodiamu. Madafu ni matamu na yana potasiamu nyingi, lakini ukiwa kwa losatani au enalaprili na figo zako zina kasoro usiyanywe kama maji kabla hujauliza. Ile chumvi mbadala ya potasiamu vilevile.

Sasa mama. Nilikuwa namtumia dawa za miezi mitatu kwa kila mtu anayesafiri, zinaisha wiki sita. Nilipokwenda nikafungua kopo la halwa analoweka dawa zake, nikakuta vijikaratasi vimekatwakatwa kwa mkasi, hujui ipi ni ipi. "Nampa na jirani siku mojamoja, maskini na yeye ana presha. Na mimi siku nikiamka mzima simezi, ya nini kuzimaliza?" Sikugomba. Nilimpeleka yeye na jirani wote wawili hospitali, jirani akapimwa akaandikiwa zake mwenyewe, kumbe na sukari anayo. Amlodipini na losatani Kenya zipo na si ghali, hakuna haja ya kuzibeba kutoka Ulaya. Ni afadhali umuulize muuza dawa wa pale ni zipi hakosi, daktari amuandikie hizo, wewe utume pesa kila mwezi moja kwa moja kwa duka la dawa sio kwa mama, manake kwa mama zitageuka sukari na unga wa mahamri ya wajukuu. Hakikisha pia ameandikishwa SHA, bima ya afya ya serikali ya Kenya, ile ya zamani NHIF ilishakwenda zake Oktoba 2024 na wazee wengi bado wanashikilia kadi ya zamani. Kombe, yale maji ya aya za Kurani, akitaka kunywa anywe, na kidonge akimeze. Havigombani.

Ramadhani, ongea na daktari kabla Shaaban haijaisha. Dawa za mara moja kwa siku mara nyingi zahamia futari au daku bila shida, zile za kukojoza ndo zinataka mpango manake mchana utakauka. Usijipangie mwenyewe.

Ukisafiri dawa zako ziwe kwa begi la mkononi, kwa maboksi yake, na barua ya daktari yenye jina la dawa yenyewe sio la kampuni, na ongeza za wiki mbili juu, ndege zachelewa. Joto la kaskazi likikukuta na dawa mpya mwilini utasikia kizunguzungu ukiinuka ghafla, basi inuka polepole, kunywa maji, na ukisikia hivyo tena na tena pima, isije ikawa imeshuka mno.

Kuna siku hutakiwi kungoja. Namba ikifika 180/120, tulia dakika chache upime tena. Ikiwa bado iko huko na una maumivu ya kifua, pumzi inakata, macho yana giza, kichwa kinapasuka, nenda hospitali ya dharura. Mdomo ukipinda upande, mkono ukaanguka, maneno yakavurugika, hata namba iwe ngapi, hicho ni kiharusi na kila dakika ina bei yake. Kwetu bado kuna wanaosema ni upepo mbaya wanaanza kutafuta mwalimu wa kusoma, mpaka asubuhi upande mmoja umekufa. Asomewe dua njiani. Na usimuwekee mgonjwa kidonge cha presha chini ya ulimi kuishusha haraka, ikishuka ghafla inaweza kuleta hichohicho kiharusi.

Kwa aliye mbali shida ni usiku. Kama wazee wako wako Matondoni, Kipungani au kule kisiwa cha Pate, kama Siyu, uliza leo, kabla hakujatokea kitu, nani ana boti yenye mashine nzima na mafuta, nani atapokea simu saa tisa za usiku, maji yakiwa yamekupwa watapanda wapi. Mimi nimelipana kabisa na nahodha mmoja, namba yake mama kaibandika kwa mlango wa friji, imeandikwa kwa kalamu nene, chini ya kalenda ya miezi ya Kiislamu, na mtoto wa dadangu nimemfanya aipige mara moja nikiwa kwa simu nione kama yashikwa.